Faili Alilolisahihisha Mzee Magesa

Mwaka 2021, masika yakiwa yamepamba moto na mimi nikiwa na umri wa miaka arobaini na tisa, niliona kosa likitendeka mbele ya macho yangu, nikanyamaza. Ilikuwa Jumanne, tarehe 13 Aprili. Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Kulisema kungechukua muda mfupi kuliko kumaliza kikombe cha chai. Nililinyamazia kwa karibu miezi mitano, na kimya hicho kikanigharimu kazi niliyoipenda kuliko zote nilizopata kufanya.

Ninawaandikia ninyi vijana mnaoingia katika utengenezaji wa tovuti, wala si ili mnionee huruma. Huruma nilipewa nyingi tangu nilipofiwa na mume wangu, tarehe 9 Februari 2018, na sikuona imenisaidia nini. Ninataka mjue namna kazi nzuri inavyoweza kuharibiwa na adabu nzuri.

Nianze na kazi yenyewe, maana baadhi yenu mnaifanya bila kujua mnachokifanya. Kila tovuti ina faili la mitindo, yaani maelekezo yanayoiambia brauza, ile programu ya kufungulia tovuti, herufi ziwe na ukubwa gani, rangi ziwe zipi, kipi kikae wapi na kipi kisionekane. Zamani tuliandika faili hilo moja, refu, kuanzia juu mpaka chini. Likifika mistari elfu tatu, unatafuta rangi ya kitufe kimoja kama mtu anayetafuta sindano iliyoangukia kwenye gunia la dagaa. Baadaye tukajifunza kuligawa. Vitufe vikawa na kipande chake, vichwa vya habari kipande chake, picha kipande chake. Juu ya vipande hivyo kukawa na faili mama linaloviita vyote kwa majina na kwa mpangilio. Kisha programu moja inavisoma vipande hivyo na kujenga faili la mwisho, ambalo ndilo peke yake linalopelekwa kwenye seva, yaani kompyuta inayoitoa tovuti mtandaoni.

Kujenga huko kunaweza kufanywa kwa amri kila mara, au kunaweza kuachiwa programu inayokaa macho. Ukihifadhi kipande kimoja, yenyewe inajua ni faili mama lipi linalokitegemea, na inalijenga upya faili la mwisho kabla hujaondoa kidole kwenye kibodi. Ofisini kwetu, ghorofa ya kwanza juu ya duka la nyavu pale mtaa wa Igogo, tuliiita Mlinzi.

Shikeni jambo moja hapa, kwa sababu yote yaliyonipata yametoka humo: Mlinzi hasomi faili la mwisho. Analiandika tu. Ukibadilisha kitu ndani ya faili la mwisho kwa mkono wako, kitaonekana, utafurahi, utamwita mwenzako aje aone. Lakini siku mtu yeyote atakapohifadhi kipande chochote, Mlinzi ataliandika faili lile upya kutoka kwenye vipande, na ulichokiweka kitafutika bila kelele na bila kuomba radhi.

Mimi sikuyajua hayo chuoni. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2006, nikiwa na miaka thelathini na tano, nikiwa mtahiniwa wa kujitegemea, nimeketi katikati ya watoto walioniita Mama na kuniazima kalamu. Cheti cha kompyuta nilikipata mwaka 2010. Aliyenifundisha vipande na Mlinzi ni Kabula, dada wa Kisukuma mdogo kwangu kwa miaka kumi na minne, ambaye nilimkuta ofisini nilipoajiriwa tarehe 2 Julai 2012. Kabula hakuwa na subira ya mwalimu. Siku ya kwanza nilivipa vipande kumi majina bila kuweka mstari wa chini, ile alama ya _, mwanzoni, Mlinzi akakijenga kila kimoja peke yake kana kwamba ni faili kamili, tukawa na mafaili kumi na moja ya mwisho badala ya moja.

"Mama Neema," akasema, "hapa umezaa mapacha kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja mwenye nguo."

"Nimekosea wapi?"

"Ule mstari wa chini ndio unamwambia Mlinzi kwamba huyu bado yuko tumboni. Usipouweka, anamzalisha."

Sikuusahau mstari wa chini tena maishani mwangu.

Kosa lingine lilitusumbua mwaka 2015, na wenzangu mnaofanya kazi mahali umeme unapokatika linaweza kuwapata hata leo. Asubuhi moja tulihifadhi vipande mpaka vidole vikachoka, na Mlinzi hakujenga kitu. Kabula alimwondoa, akamrudisha, akamtukana kwa Kisukuma. Siku mbili zikapita. Siku ya tatu mimi niliangalia tarehe za mafaili, kwa sababu mimi ni mtu wa kuangalia tarehe. Vipande tulivyoviandika jana vilionyesha kuwa viliandikwa miaka mingi nyuma. Betri ndogo inayotunza saa ndani ya kompyuta ilikuwa imekufa, na umeme ulipokatika saa ilirudi mwanzo. Mlinzi wetu wa siku zile alilinganisha tarehe: akiona faili la mwisho ni jipya kuliko vipande, anasema hakuna kazi, anakaa. Tulinunua betri, tukarekebisha saa, kazi ikaendelea. Kabula aliniambia, "Leo umekuwa mwalimu wangu," nami nilitembea kichwa juu kutoka Igogo mpaka mtaa wa Kirumba. Mnaweza kucheka. Mtu aliyesoma akiwa mkubwa hasifiwi mara nyingi, na akisifiwa hulihifadhi neno lile kama hati ya kiwanja.

Sasa Mzee Magesa. Alikuwa mkurugenzi wetu na mmoja wa wabia watatu wenye ofisi. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu mkuu huko kwetu mkoani Mara, kwa zaidi ya miaka thelathini, na wote tulimwita Mwalimu. Hakuwa mtu mbaya. Alitafuta wateja, aliandika barua, alituletea samaki aina ya sato wakati wa sikukuu. Kompyuta aliitazama kwa mbali, mikono ikiwa nyuma.

Ile tarehe 13 Aprili nilikuwa nimetoka kwenda benki, na Kabula alikuwa kwa mteja. Mteja wetu mkubwa, umoja wa wafanyabiashara wa dagaa wa pale soko la Mwaloni, alipiga simu kutaka kichwa cha habari kiwe kikubwa. Mzee Magesa hakutaka kusema hawezi. Aliketi kwenye kompyuta yangu, akafungua mafaili moja baada ya jingine, akaona vipande vifupi vifupi visivyo na maana kwake, kisha akaliona faili la mwisho, refu, lenye kila kitu. Akaona hilo ndilo kubwa lao. Akatafuta, akapata, akabadilisha tarakimu moja, akahifadhi. Kichwa cha habari kikakua.

Niliporudi nilimkuta amesimama katikati ya chumba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Neema. Njoo uone. Njoo, njoo! Nina miaka sitini na mitatu. Nani kasema mzee hajifunzi?"

Niliona alichokifanya mara moja. Faili lilikuwa wazi kwenye kioo, na mshale bado ulikuwa umekaa kwenye ile tarakimu. Nilifungua mdomo. Nikamwangalia usoni, nikaiona furaha ambayo mimi mwenyewe niliijua, ile ya mwaka 2006 matokeo yalipobandikwa. Nikaufunga.

"Umefanya vizuri sana, Mwalimu," nikasema.

Alipoingia ofisini kwake, nilifungua kipande cha vichwa vya habari na kuiandika ile tarakimu yake mahali panapostahili. Mlinzi akajenga. Kichwa kikabaki kikubwa. Hakuna aliyejua.

Kuanzia siku hiyo Mzee Magesa alipata kazi mpya. Wateja walipopiga simu alijibu, "Subiri dakika mbili, nafanya mwenyewe." Alisahihisha faili la mwisho jinsi alivyosahihisha madaftari, na saa kumi alasiri, alipoondoka, mimi nilililinganisha faili la jana na la leo, mstari kwa mstari, nikahamisha kila badiliko lake kwenye kipande chake. Mchana sikuhifadhi kitu chochote kabla ya kutazama kwanza kama amegusa. Nilimwomba Kabula naye asihifadhi bila kuniuliza.

Kabula alinicheka mpaka akashika meza. "Kwa hiyo Mlinzi analinda vipande, na wewe unamlinda mzee asiumizwe na Mlinzi. Mshahara wa ulinzi unachukua kwa nani?"

"Punguza sauti."

"Mwambie, Mama Neema! Mwambie tu: Mwalimu, hapo siyo penyewe."

"Unamwambiaje mtu mzima kwamba anaandika juu ya maji?"

"Kwa mdomo," akasema Kabula. "Siku ukiwa haupo je?"

Ninyi mjue kwamba ofisi nyingi za kwetu zinaendeshwa hivi. Mkubwa husahihisha nakala iliyokwisha chapishwa, na mdogo hukimbia nyuma yake kurekebisha ile ya asili. Tunaiita heshima. Lakini niwe mkweli mbele yenu, kwa kuwa mbele ya kamati iliyonihoji baadaye sikuwa: haikuwa heshima tupu. Nilipenda kujua kitu ambacho mwalimu mkuu hakukijua. Kila alasiri nilipohamisha masahihisho yake nilijisikia mrefu kidogo. Mwanamke aliyeazimwa kalamu na watoto alikuwa anamsahihisha mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu hakujua kama amesahihishwa.

Alhamisi, tarehe 2 Septemba 2021, nilianza likizo ya siku nne za kazi, iliyoidhinishwa kwa maandishi. Nilikwenda kijijini Majita kujengea kaburi la mume wangu. Ndugu walikuwa wamepanga ibada siku ya Jumamosi, na saruji ilikwisha fika. Kwa ukoo ule, mjane asiyekuwepo siku ya kujengea kaburi hana la kujitetea. Nilimwachia Kabula neno moja: asihifadhi kipande chochote mpaka nirudi. Alisema sawa.

Mimi nikiwa njiani, mteja wa dagaa alipiga simu. Umoja wao ulikuwa umemng'oa mwenyekiti wiki hiyo hiyo, na picha yake bado ilikuwa ukurasa wa kwanza, imejaa kutoka ukingo hadi ukingo. Mzee Magesa akauliza, aifute? Wakasema hapana, isifutwe. Mwenyekiti yule ana watu. Anaweza kurudi, na akirudi atauliza ni nani aliyefuta picha yake. Ifichwe tu. Mtu wa nje anaweza kuona ajabu, lakini sisi tunaelewa: kumfuta mtu ni ugomvi, kumficha ni busara. Mzee Magesa alikwisha jifunza kuficha, na hata kupeleka faili kwenye seva. Aliandika mstari mmoja ndani ya faili la mwisho, picha ikatoweka, akawaalika wateja waitazame kwa simu zao. Walimsifu.

Jumamosi tarehe 4, umoja ule ulifanya mkutano mkuu katika ukumbi mmoja kule Buhongwa, kumthibitisha mwenyekiti mpya na kuzindua rasmi tovuti. Asubuhi hiyo saa mbili, Kabula aliona kitufe cha kijani kisichosomeka vizuri. Ni kitufe tu, akafikiri. Akabadilisha rangi, akahifadhi, akapeleka kwenye seva. Mlinzi alifanya alichoagizwa.

Nilikuwa nimesimama kando ya kaburi, mafundi wakilainisha saruji, Kabula aliponipigia simu kutoka ukumbini. Alizungumza kwa mnong'ono.

"Mama Neema, amerudi."

"Nani amerudi?"

"Mwenyekiti. Yuko ukutani, mkubwa kama mlango wa kanisa. Mzee kawasha projekta mwenyewe. Nusu ya ukumbi wamesimama wanapiga makofi, wanasema Mungu ametenda. Mwenyekiti mpya ameshika kiti."

"Ameketi?"

"Ameshika kiti mkononi, Mama. Wanamzuia."

Mkutano ulivunjika. Jumatatu umoja uliandika barua ya kuvunja mkataba, ukisema ofisi yetu imenunuliwa na kundi la mwenyekiti wa zamani. Mzee Magesa aliapa mbele ya wabia wenzake kwamba picha aliificha kwa mkono wake, na wateja walishuhudia. Kwa hiyo mtu aliirudisha. Nani? Walimwuliza Kabula, akasema alibadilisha kitufe, na kitufe ni kitufe. Wakauliza ni nani mwenye dhamana ya mitambo ya mitindo. Nilikuwa mimi. Nilirudi kazini Jumatano tarehe 8 nikakuta mezani barua ya kuniita mbele ya kamati ya nidhamu.

Kamati ya nidhamu ilikutana Ijumaa tarehe 24 Septemba. Mwenyekiti wake alikuwa mmoja wa wabia, mwanamke wakili, mwenye sauti ya chini. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya kurasa nne, yenye tarehe ya kila sahihisho la Mzee Magesa na kipande nilikolihamishia. Niliyasoma yote. Nilieleza vipande, faili mama, faili la mwisho. Nilieleza kwamba Mlinzi hana kinyongo na mtu.

Wakili alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua miwani.

"Mama, mashine nimeielewa. Sasa nakuuliza wewe. Ulijua tangu tarehe 13 Aprili kwamba mkurugenzi anaandika mahali pasipodumu?"

"Ndiyo."

"Ulimwambia?"

"Nilikuwa namheshimu."

"Sikuuliza hilo. Ulimwambia?"

"Hapana."

Akaandika neno moja. Kabula alikuwa ameketi kwenye benchi la mashahidi. Alipoulizwa kama alijua chochote kuhusu utaratibu ule wa alasiri, alitazama viatu vyake, akasema yeye hukaa upande wa michoro. Nilimgeukia. Hakuinua macho. Ana watoto wawili na mama mgonjwa, na hesabu aliyoipiga naifahamu. Sijamlaumu mbele ya mtu, wala sijala naye mezani tena.

Hapa nikae kidogo nitoe ya kazini, kwa sababu uchungu bila mafunzo ni kelele. Faili la mwisho lisikae jirani na vipande. Liwekwe kwenye folda yake, lenye jina ambalo hata mgeni ataliogopa. Juu ya faili mama andikeni onyo litakalojengwa mpaka kwenye faili la mwisho: faili hili limejengwa na mashine, utakachoandika humu kitafutika. Mkumbuke kuweka alama ya mshangao mwanzoni mwa onyo hilo, kwa kuwa Mlinzi akibana faili la mwisho ili liwe dogo huondoa maelezo yote isipokuwa yenye alama hiyo. Kumbukumbu za mabadiliko zitunzwe kwa programu, si kwa macho ya mama mmoja saa kumi alasiri. Na asiyejua mahali pa kuandika aambiwe siku hiyo hiyo, awe ameajiriwa jana au awe ndiye mwenye jengo.

Uamuzi ulisomwa Ijumaa, tarehe 15 Oktoba 2021, saa nne asubuhi, katika chumba kilekile. Ulikuwa na vifungu vitatu. Cha kwanza, ajira yangu inakoma siku hiyo kwa makubaliano. Cha pili, nikabidhi mafaili yote kwa Kabula, atakayeshika nafasi yangu. Cha tatu kiliniuma kuliko vile viwili: Mlinzi aondolewe katika kompyuta zote, na mitindo yote irudishwe katika faili moja linaloandikwa kwa mkono. Miaka tisa ya kazi yangu ilifungwa kwa sentensi moja, na aliyeisoma hakuinua sauti hata kidogo.

Nilitia sahihi. Karatasi ikapelekwa kwa Mzee Magesa, naye alitakiwa kusaini kwa niaba ya ofisi. Alishika kalamu, hakuandika. Mbele yake zilikuwapo zile kurasa zangu nne, na niliona amezipigia mistari pembeni, kama anayezisoma kwa mara ya tatu.

"Mama Neema."

"Naam, Mwalimu."

"Ungenisahihisha tu. Mimi nimesahihisha watoto wa watu zaidi ya miaka thelathini, na sijamuua hata mmoja."

Wakili akakohoa. Mzee Magesa akageuza ukurasa wa pili, akapita kwenye tarehe zangu na kidole, moja baada ya nyingine, mpaka chini.

"Katika hizi zote," akauliza, "hakuna hata sahihisho moja lililosimama kwa mkono wangu?"

Ningeweza kumpa moja la uongo. Asingeweza kuhakiki, na hata wakili asingenisuta.

"Hapana, Mwalimu," nikamwambia. "Hata moja."

Akatikisa kichwa taratibu, akaivuta karatasi karibu, akasaini.